Kesi ya Nyani, Hakimu Ngedere: Makapi ya Shinkolobwe na Waliopaswa Kuyalinda

Wengi wanaoijua Shinkolobwe huishia kwenye bomu. Husimuliwa kwamba urani ya Katanga ilivushwa bahari wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikaingia katika mradi wa siri wa Wamarekani, na Agosti 1945 Hiroshima ikateketea. Hadithi hufungwa hapo. Lakini jiwe likisagwa na kukamuliwa urani, kinachobaki hakiyeyuki hewani. Makapi ya Shinkolobwe yalipakiwa kwenye mapipa, yakahamishwa huku na huku kati ya Missouri, New York na Ohio, yakamiminwa kwenye matangi ya zege, yakafunikwa udongo, yakanyamaziwa. Safari yao ilichukua zaidi ya miaka 60, na sehemu kubwa ya muda huo aliyekuwa na mamlaka ya kuyakagua alikuwa ni yule yule aliyeyazalisha.

Mwanzoni, ajabu ni kwamba urani yenyewe ndiyo iliyokuwa makapi. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, mtafuta madini wa kampuni ya Union Minière du Haut Katanga, alikuta mawe yenye rangi kali kwenye kilima cha Shinkolobwe, kilomita ishirini na kitu kutoka mji tunaouita leo Likasi. Uchimbaji ulianza 1921, na mwaka uliofuata kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikatoa radiamu yake ya kwanza. Radiamu ndiyo iliyokuwa mali. Madaktari waliitaka kwa ajili ya kutibu saratani, watengeneza saa wakaitia kwenye rangi ya kung'arisha mishale gizani, na gramu moja iliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Urani iliyotoka pamoja nayo ilipata wateja wachache tu, wakiwemo watia rangi wa vyombo vya kauri. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa, maji yakaujaza.

Mwaka mmoja baadaye wanakemia wa Berlin walipasua kiini cha urani, na hesabu zote zikageuka. Mei 1939 mwanasayansi wa serikali ya Uingereza, Henry Tizard, alimwonya mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, kwamba alicho nacho mkononi kikiangukia kwa adui kinaweza kuleta maafa. Barua maarufu aliyoitia saini Albert Einstein Agosti mwaka huo kwenda kwa Rais Roosevelt iliitaja Kongo ya Wabelgiji kwa jina. Sengier hakungoja serikali yoyote imwambie la kufanya. Mwaka 1940, Ubelgiji ikiwa imeshavamiwa, aliamuru mawe yaliyokuwa yamelundikwa Katanga yapelekwe New York. Yalifika tani zipatazo 1,200, kwenye mapipa 2,000 hivi, yakawekwa kwenye ghala moja huko Staten Island. Huko yakakaa. Sengier alijaribu kuieleza Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ana nini, wakamsikiliza kwa sikio moja.

Tarehe 18 Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipanda ofisini kwa Sengier, Broadway namba 25. Nichols alitarajia mazungumzo marefu kuhusu namna ya kufufua mgodi uliojaa maji katikati ya Afrika. Sengier alitaka kujua kwanza kama mgeni wake ana mamlaka ya kununua au amekuja kupiga soga, kisha akamwambia kwamba mzigo uko mjini humo humo. Katika muda wa saa moja walikubaliana, na Nichols akatoka na karatasi ya manjano iliyoandikwa kwa mkono, ndiyo mkataba wenyewe. Baadaye jeshi lilipeleka wahandisi Katanga, maji yakanyonywa, wachimbaji Waafrika wakaanza tena kuyachimba na kuyachambua mawe yale. Mzigo ulisafiri kwa reli na mito hadi Matadi, ukapakiwa melini. Takriban theluthi mbili ya urani yote ya mradi wa bomu ilitoka Kongo. Mwaka 1946 Sengier alivishwa nishani ya heshima ya Marekani. Waliochambua mawe kwa mikono hawakuambiwa walikuwa wanashika nini.

Kuna kipengele kimoja cha makubaliano hayo ambacho hakizungumzwi sana, nacho ndicho kilichozaa yote yaliyofuata. Marekani ilinunua urani tu. Radiamu iliyomo ndani ya mawe ilibaki kuwa mali ya African Metals, kampuni iliyosimamia biashara ya Union Minière huko New York. Maana yake, kiwanda cha Mallinckrodt mjini St. Louis na kile cha Linde kule Tonawanda, New York, vilipomaliza kukamua urani, makapi hayakuweza kutupwa ovyo. Yalikuwa amana ya mtu. Yalitakiwa yatunzwe hadi mwenyewe atakapoyahitaji.

Mwenyewe hakuyahitaji tena. Soko la radiamu lilikufa, na kile kilichowahi kuwa almasi ya Katanga kikawa mzigo usio na pa kupeleka. Tena ni mzigo mbaya. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu, na kila siku ya uhai wake huzaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta, chembe zinazotokana nayo hunasa mapafuni na kuendelea kutoa mionzi humo. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nyingi kupita ya karibu kila mgodi mwingine duniani, mengine hadi asilimia 65, na radiamu yake ilikuwa nyingi kwa kiasi hicho hicho. Kundi kali kuliko yote la makapi hayo lilipewa jina la ghalani: K-65.

Mzigo wa kwanza ulipelekwa kwenye eneo la zamani la jeshi karibu na Lewiston, si mbali na maporomoko ya Niagara. K-65 ya huko ilimiminwa kwenye mnara wa zege uliokuwa umejengwa kuhifadhi maji. Hapo ni 1949 hivi. Vita vilikuwa vimeshakwisha, jeshi limeshaukabidhi mradi wa atomiki kwa raia, na hapa ndipo hadithi ya usimamizi inapoanza hasa.

Sheria ya Nishati ya Atomiki ya 1946 iliunda Tume ya Nishati ya Atomiki, iliyoanza kazi Januari 1947. Tume hiyo ilipewa kila kitu: viwanda, maabara, siri, mabomu. Ilipewa pia kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna anayedhurika. Walioitunga hawakuwa wajinga. Waliona silaha hizi ni hatari mno kuachiwa majenerali, na waliona pia kwamba siri haiwezi kugawanywa kwa taasisi mbili. Lakini walichokijenga ni kesi ya nyani iliyopelekwa kwa ngedere. Viongozi wa Tume walipimwa kwa tani za urani zilizotoka kiwandani. Hakuna aliyepandishwa cheo kwa tani ambazo hazikutoka kwa sababu vumbi lilikuwa jingi.

Wataalamu walikuwepo, tena wazuri. Mwishoni mwa miaka ya 1940 maabara ya afya ya Tume iliyokuwa New York, chini ya Merril Eisenbud, ilipima hewa katika viwanda kama Mallinckrodt na kukuta wafanyakazi wakivuta vumbi la urani mara nyingi kupita kiwango kilichokubaliwa. Waliandika ripoti. Baadhi ya mitambo ilirekebishwa. Lakini ripoti zilikuwa za siri, na mfanyakazi mwenyewe hakuoneshwa. Iliwachukua Wamarekani hadi mwaka 2000 kupitisha sheria ya kuwalipa fidia watumishi hao waliougua, na wakati huo wengi walikuwa wameshazikwa.

Mwaka 1951 Tume ilianza kujenga kiwanda kikubwa cha kusafisha urani mahali paitwapo Fernald, mashambani kaskazini magharibi mwa Cincinnati, Ohio. Eneo lake lilikuwa ekari zipatazo 1,050, limezungukwa na mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na chini yake unapita mkondo mkubwa wa maji ya ardhini unaonywesha bonde zima la mto Great Miami. Kampuni ya National Lead of Ohio ikapewa kazi ya kukiendesha. Majirani wengi walidhani ni kiwanda cha chakula cha mifugo. Jina lake rasmi lilisikika hivyo, na tangi lake la maji lilipakwa miraba ya nyekundu na nyeupe inayofanana na nembo ya kampuni maarufu ya vyakula vya wanyama. Serikali haikujihangaisha kuwasahihisha.

Upande wa magharibi wa kiwanda vilijengwa vihenge viwili vya zege, kila kimoja kipenyo chake futi 80, kimefunikwa kwa kuba. Kuanzia 1952 mapipa ya K-65 yalifunguliwa hapo, yakachanganywa na maji hadi makapi yakawa tope, tope likasukumwa kwa bomba hadi vihengeni. Lilipotuama, maji yalivutwa, tope jingine likaongezwa. Ilipofika 1958 Shinkolobwe ilikuwa imelala Ohio kwa maelfu ya tani. Kuta zikaanza kupasuka. Mwaka 1964 lilijazwa tuta la udongo kuvizunguka vihenge ili kuzishikilia. Radoni nayo ilikuwa ikitoka juu kwa uhuru wake, kupitia matundu ya kubani, hadi 1979 matundu hayo yalipozibwa. Kwa miaka zaidi ya 25 hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuingia na kuuliza: je, vihenge hivi ni vya muda gani? Mkandarasi alikuwa akiwajibika kwa Tume, na Tume ilikuwa ikiwajibika kwa bajeti ya silaha.

Mtu anaweza kujibu kwamba Tume ilivunjwa. Kweli. Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilichoka na taasisi inayotangaza biashara ya nyuklia na kuikagua papo hapo, likaigawa vipande viwili. Kazi ya kusimamia mitambo ya umeme ya raia ilipewa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoanza Januari 1975. Viwanda vya silaha vikaenda kwa wakala mwingine, ambao mwaka 1977 uligeuka kuwa Wizara ya Nishati. Soma tena hapo. Mgawanyo uliigusa mitambo ya raia. Fernald, Hanford, Rocky Flats, Oak Ridge, Savannah River, yaani pale penye taka chafu kuliko zote, pakabaki chini ya mwenye mali kama zamani. Raia waliokaa karibu na mtambo wa umeme walipata mkaguzi. Waliokaa karibu na kiwanda cha bomu waliendelea kuambiwa kila kitu kiko salama.

Ukuta huo wa usiri haukubomolewa na Bunge. Ulibomolewa na kisima.

Mwishoni mwa 1984 kiwanda cha Fernald kilitangaza kwamba mtambo wa kunasa vumbi ulikuwa umeharibika na ratili karibu 300 za vumbi la urani zilikuwa zimetoka nje. Waandishi wa habari walipochimba zaidi, ikabainika jambo lililowachoma watu kuliko vumbi: visima vitatu nje ya uzio vilikuwa na urani, na wizara ilikuwa ikijua tangu 1981. Kimoja kilikuwa cha nyumba aliyopanga Lisa Crawford na mumewe na mtoto wao mdogo. Walikuwa wakinywa maji yake, wakipikia, wakijaza bwawa la kuchezea la mtoto. Crawford hakuwa mwanasayansi wala mwanasiasa. Alijiunga na majirani wenzake waliokuwa wameanzisha kikundi kilichoitwa FRESH, akawa kiongozi wake kwa zaidi ya miaka 20, na Januari 1985 yeye na wenzake wakafungua kesi ya pamoja kwa niaba ya wakazi 14,000 hivi.

Utetezi wa mkandarasi ulikuwa wa ajabu kwa ukweli wake. National Lead ilisema ilifanya kile ilichoagizwa. Mwaka 1988, kwenye nyaraka za kesi hiyo, ikajulikana kwamba serikali ilijua kwa miongo kuhusu uchafuzi huo na iliamua kutotoa fedha za kuurekebisha. Sijui kama kuna ungamo jingine la namna hiyo katika historia ya viwanda vya serikali. Kwa kawaida wakubwa husema hawakujua. Kesi iliisha 1989 kwa dola milioni 78, nazo zililipwa na serikali, maana mkandarasi alikuwa amekingwa na mkataba wake.

Wakati huo huo milango mingine ilikuwa inafunguka. Mwaka 1984 jaji mmoja wa Tennessee aliamua, katika kesi iliyohusu kiwanda cha Y-12 huko Oak Ridge, kwamba sheria ya taka hatarishi inaihusu Wizara ya Nishati kama inavyomhusu mtu mwingine yeyote. Kwa miaka wizara ilikuwa ikidai kwamba sheria ya atomiki imeiweka juu ya sheria za mazingira. Jimbo la Ohio likafuata njia hiyo, likaishtaki wizara 1986 kuhusu Fernald. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1992 mahakama hiyo ikaamua kwamba serikali kuu ina kinga: jimbo haliwezi kuitoza faini kwa makosa iliyokwisha kuyafanya. Ohio ilishindwa. Lakini ushindi wa wizara uliwaudhi wabunge, na Oktoba mwaka huo huo walipitisha sheria iliyoondoa kinga hiyo kwa upande wa taka hatarishi.

Kati ya hapo palitokea jambo ambalo mtu angelisoma kwenye riwaya angelipuuza. Tarehe 6 Juni 1989 maofisa wa FBI waliingia kwa hati ya upekuzi katika kiwanda cha Rocky Flats, Colorado, kilichotengeneza viini vya plutoniamu vya mabomu. Serikali ilikuwa ikijipekua yenyewe. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limeunda bodi huru ya kuangalia usalama wa viwanda vya silaha, Bodi ya Usalama wa Vituo vya Nyuklia vya Ulinzi. Bodi hiyo haiwezi kutoza faini wala kufunga mlango. Inachoweza ni kutoa pendekezo hadharani, na Waziri wa Nishati analazimika kujibu hadharani pia. Wapo wanaoiona kuwa mbwa asiye na meno. Mimi naona nguvu yake iko pale pale kwenye neno hadharani, na kinachonithibitishia ni kwamba mwaka 2018 wizara ilitoa agizo la kubana uwezo wa bodi kuingia kwenye majengo na kupata taarifa. Asiye na meno hafungwi mdomo. Bunge lililazimika kuingilia kwa sheria kuirudishia njia yake.

Fernald ilisimamisha uzalishaji Julai 1989, na kabla mwaka haujaisha ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo yaliyochafuliwa vibaya. Sasa swali likawa: mzigo wote huu unakwenda wapi? Mwaka 1993 iliundwa kamati ya raia: wakulima, walimu, watu wa FRESH, wafanyakazi wa kiwanda. Washauri wao walibuni mchezo wa ubao wenye ramani ya eneo. Wanakamati walipewa vipande vidogo vinavyowakilisha ujazo wa udongo wenye sumu, wakaambiwa wavipange: hiki kibaki hapa, hiki kipelekwe mbali. Kila kipande kilikuwa na gharama na hatari yake, hata barabara ya kupitishia iliwekewa thamani. Watu waliokuja wakipiga kelele kwamba kila kitu kiondoke walianza kuona milima ya udongo wanayotaka kuwatwika watu wa jimbo jingine. Mwishowe wakakubali jambo ambalo afisa yeyote wa wizara angelipendekeza wangemfukuza: udongo mwingi wenye sumu kidogo ubaki Fernald, kwenye kaburi la kisasa lililojengwa kwa tabaka, na kile kikali kabisa kiondoke.

Kikali kabisa kilikuwa K-65. Hata wizara yenyewe ilichelewa kukubali uzito wake. Uchunguzi uliofadhiliwa na taasisi ya afya ya serikali, uliomalizika 1998, ulikadiria kwamba kiwanda kilitoa hewani kilo zipatazo 310,000 za urani katika maisha yake yote. Hilo lilitarajiwa. Kilichoshtua ni hitimisho jingine: sehemu kubwa ya mionzi waliyopata majirani haikutoka kwenye vumbi la urani walilokuwa wakilishtakia. Ilitoka kwenye radoni ya vile vihenge viwili.

Kuvitoa haikuwa kazi rahisi. Mpango wa kwanza ulikuwa kuyayeyusha makapi hayo na kuyageuza kioo, lakini tanuru la majaribio liliharibika Desemba 1996 na mamilioni ya dola yakaenda na maji. Wakarudi kwenye njia ya fundi wa ujenzi: kuyachanganya na saruji na majivu ya makaa ya mawe, kisha kuyafungia kwenye makontena ya chuma. Yalikuwa yaende Nevada, kwenye uwanja wa zamani wa majaribio ya mabomu, ila mwaka 2004 jimbo hilo lilitishia kwenda mahakamani. Makontena yakapelekwa Texas, kaunti ya Andrews, kwa kampuni binafsi ya taka, na kuzikwa rasmi kulimalizika 2009. Oktoba 2006 wizara ilitangaza kwamba Fernald imesafishwa, kwa gharama ya dola bilioni 4.4. Leo ni hifadhi yenye mabwawa na ndege wa majini. Maji ya chini yanaendelea kupampiwa na kusafishwa.

Ningependa kusema kwamba somo lilieleweka kote. Tarehe 28 Julai 2012, usiku, sista wa Kikatoliki mwenye umri wa miaka 82, Megan Rice, aliyewahi kufundisha Afrika Magharibi kwa miaka mingi, alikata nyaya za uzio pamoja na wenzake wawili na kufika hadi kwenye ukuta wa jengo linalohifadhi urani iliyorutubishwa ya Y-12. Walipaka maandishi, wakaimba, wakangoja wakamatwe. Kamera zilikuwa mbovu. Wizara ikaamuru walinzi wa kampuni ya mkandarasi wafanyiwe mtihani wa maarifa ya ulinzi. Mkaguzi akaingia kwenye gari moja la doria akaikuta karatasi ya mtihani ikiwa na majibu yake. Ilikuwa imesambazwa kabla, kwa madai kwamba ni kwa ajili ya kuhakiki maswali.

Huku kwetu mpangilio huo wa kazi mbili kwenye kiti kimoja si habari ya zamani. Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 iliipa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania jukumu la kudhibiti mionzi na pia la kuendeleza matumizi ya teknolojia ya nyuklia. Kwa nchi yenye mashine za eksirei na maabara chache, pengine hilo halikumsumbua mtu. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchenjua urani katika mradi wa Mto Mkuju, Namtumbo. Kenya ilitenganisha: mwaka 2019 sheria moja iliunda mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, na sheria nyingine ikaunda wakala wa kuendeleza umeme wa nyuklia. Bado haijajenga mtambo wowote, lakini mkaguzi yupo kabla ya mwenye mtambo, na huo ndio mfuatano ambao Ohio haikuupata.

Kongo yenyewe ilipata nini? Ilipata kinu cha nyuklia. Mwaka 1959 kinu kidogo cha utafiti kiliwashwa Chuo Kikuu cha Lovanium, Leopoldville, cha kwanza barani Afrika, kwa msaada wa Marekani na juhudi za rekta wa chuo, Luc Gillon. Cha pili kilifuata 1972. Nyaya za uzio wake zilikuwa duni kuliko za Y-12. Katika miaka hiyo ya 1970 fito mbili za mafuta ya nyuklia zilitoweka. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa watu wa mafia waliokuwa wakiitafutia mnunuzi. Ya pili haijaonekana mpaka leo.

Kule Shinkolobwe, Wabelgiji waliziba mashimo ya mgodi kwa zege kabla ya uhuru wa 1960 na kuondoka. Makapi ya juu ya ardhi yalibaki. Uchumi wa Katanga ulipoanguka, vijana kwa maelfu walikwenda kuchimba hapo kobalti na shaba kwa sururu na ndoo, kwenye mawe yenye urani ndani yake. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kuufunga mgodi. Amri ilisomwa Kinshasa. Shinkolobwe watu waliendelea kuchimba. Julai mwaka huo sehemu ya mgodi iliporomoka ikaua watu wasiopungua wanane, na hapo ndipo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipotumwa na vipima mionzi. Kijiji cha wachimbaji kilibomolewa, wakaambiwa waondoke. Hakukuwa na kamati ya raia wala mchezo wa ubao. Hakuna mahakama iliyoulizwa ni nani aliyejua nini tangu lini.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 2007, serikali ilikamata shehena ya madini yenye mionzi ikiwa njiani kusafirishwa nje. Uamuzi wa wakubwa ulikuwa mzigo huo ukatupwe kwenye shimo la Shinkolobwe. Malori yalipakiwa na kuondoka, ila hayakufika huko. Mzigo ulimwagwa mtoni, katika mto Mura, karibu na Likasi, mji ambao hupata maji yake kutoka mto huo huo. Serikali iliagiza uchunguzi, na watu kadhaa wakatiwa mbaroni.